Ile 25.4: kwa nini setingi za AutoCAD ziko vile ziko

Kuna ukuta Kitengela uliobaki na pengo la mita 1.44 kwa sababu yangu. Hilo pengo nililipima kwa tepu mara mbili, nikalipiga kwa kalkuleta mara ya tatu, na nambari ikakataa kubadilika.

Stori iko hivi. Nilikuwa atachimenti kwa ofisi moja ndogo ya kuchora ramani, zile ofisi za meza tatu na printa moja inayokohoa. Nikapewa faili ya ploti ya mteja, ile saizi kila Mkenya anajua, hamsini kwa mia. Aliyeichora kitambo aliichora kwa inchi, kwa hivyo kwa skrini yangu ploti ilisoma 600 kwa 1200. Ramani yetu ya nyumba ilikuwa kwa milimita. Mimi nikajiambia inchi moja ni kitu kama milimita 25, si ndivyo rula ya shule inaonyesha? Nikaandika SCALE, nikaweka 25, Enter. Ploti ikatoka 15,000 kwa 30,000. Manze, ilikaa safi. Nambari zikinyooka hivyo hakuna mtu anazishuku, na hata watu wa ploti wenyewe huongea hivyo, kumi na tano kwa thelathini. Mzingo ukawa mita 90, na mteja akaagiza slabu na nguzo za zege za mita 90.

Fundi akaanza kwa bikoni ya nyuma, akazunguka. Slabu zikaisha kabla ukuta haujajifunga. Mteja alikuja Jumamosi, akaona pengo, akafungua ramani, ramani ikasema 90. Kiwanda nacho kilikuwa na risiti ya kuonyesha mzigo wote ulifika. Basi zingine zimeenda wapi? Fundi aliitwa mwizi mbele ya vijana wake wa mkono, na pesa iliyobaki akanyimwa.

Hiyo stori ilifika ofisini na sisi tukaicheka. Mimi nikacheka pia.

Nitarudi kwa fundi. Kwanza acha niulize swali lililonisumbua baadaye: kwa nini programu inayotumiwa na karibu kila mchoraji ramani Nairobi inakuacha ufanye kosa kama hilo bila hata kukohoa? Nilianza kutafuta jibu la hilo moja, nikajikuta nasoma historia ya karibu kila setingi iliyowahi kunikasirisha. Msimamo wangu sasa ni huu: setingi nyingi za AutoCAD zinazokaa kama ujinga ziliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya kweli, kwa mashine ambayo sai iko makumbusho. Video za "setingi kumi za lazima" zinakupa dawa bila kukuambia ugonjwa. Ukijua ugonjwa, dawa unaiona mwenyewe.

Wengi hufikiria kuchora kwa kompyuta kulianza na AutoCAD. Hapana. Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT kule Marekani, alimaliza tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilikuwa kwa kompyuta inaitwa TX-2, mashine kubwa ya maabara, na alichora moja kwa moja kwa skrini kwa kalamu ya mwanga. Ungeweza kuiambia mistari miwili ikae sambamba na ikakaa. Ungeweza kuchora kitu mara moja, ukakirudia mahali pengi, halafu ukibadilisha kile cha asili vyote vinabadilika. Kama umewahi kutumia BLOCK, hiyo ndiyo mimba yake. Na ile ya kuilazimisha mistari ikae sambamba? AutoCAD iliipata kwa toleo la 2010. Hesabu mwenyewe miaka.

Kwa nini ilichukua muda hivyo? Kwa sababu AutoCAD haikuzaliwa kwa mashine kubwa, ilizaliwa kwa mashine maskini. Mapema 1982, John Walker na kikundi cha marafiki waandishi wa programu walianzisha kampuni huko California. Jina Autodesk lilitoka kwa programu nyingine kabisa, ya kupanga kazi za ofisi, ambayo ndiyo waliidhani itawapa doo. Programu ya kuchora ilikuwa moja tu kati ya zile walizopanga kuuza. Ilitokana na kazi ya Michael Riddle, aliyekuwa ameandika programu inaitwa Interact. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo wakaipeleka kwa maonyesho ya COMDEX, Las Vegas, na watu wakaacha meza zingine wakaja kuangalia. Mifumo ya kuchora ya wakati huo iliuzwa makumi ya maelfu ya dola pamoja na mashine yake. Hii ilikuwa kama dola 1,000, na ilikimbia kwa kompyuta ya mezani.

Sasa fikiria hiyo kompyuta ya mezani. IBM PC ya kwanza ilienda kwa megahezi 4.77. Simu iliyovunjika kioo unayosomea hii posti inaishinda mara nyingi sana, hakuna haja ya hesabu. Kwa mashine kama hiyo, kuchora upya skrini moja ya ramani ya jengo ilikuwa safari. Ulibonyeza, ukaenda kutengeneza kahawa, ukarudi.

Hapo ndipo nusu ya maajabu ya AutoCAD yanatoka. Umewahi kuzumu duara na ukaona liko na kona, kama sarafu iliyokatwa na panga? Duara lako halijaharibika. Programu inakuchorea vijistari vifupi vilivyonyooka, kwa sababu zamani duara la kweli lilikuwa ghali kwa prosesa. Andika RE, ubonyeze Enter, litajichora upya. Kama linarudia kila saa, andika VIEWRES na uongeze nambari. Inaanza 1000 na inafika 20000, na laptopu yako ya leo haitasikia hata.

Kuna nyingine inaitwa QTEXT. Ikiwa ON, maandishi yote yanageuka visanduku vitupu. Nilimwona mwanafunzi mwenzangu karibu alie usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi, akiamini maandishi yake yote yamefutika. Hayakufutika. Wakati herufi zilichukua muda kuchorwa, watu waliziweka visanduku kwanza, wakafanya kazi, wakazirudisha mwisho. QTEXT, OFF, halafu RE. Sekunde tano. Na FILL ni ndugu yake: ikizimwa, kuta ulizojaza rangi zinabaki mifupa.

Dailogi nazo. Mwanzoni AutoCAD ilikuwa maandishi tu, unaandika amri, inakuuliza swali, unajibu. Madirisha ya kuchagua faili yalikuja baadaye, na kwa sababu watu walikuwa tayari wameandika programu zao ndogo za kujiendesha zenyewe, lazima kungekuwa na njia ya kuyanyamazisha hayo madirisha. Njia hiyo ni FILEDIA. Programu ndogo inaiweka 0, inafanya kazi yake, inairudisha 1. Ikianguka katikati, haiirudishi. Wewe unabonyeza Open asubuhi na badala ya dirisha unapata kamstari huko chini kanakuuliza jina la faili. Wasee wengi hapo huondoa programu yote na kuiweka upya, bando la gigabaiti kadhaa likaenda. Andika FILEDIA, 1. Basi.

Hata kibodi iko na makovu. Kwa matoleo ya zamani ya DOS, kusitisha amri ilikuwa Ctrl+C. Windows nayo ilikuwa imeamua Ctrl+C ni kunakili. Toleo la 13, la mwisho wa 1994, ndilo lilipatana na Windows na kusitisha kukahamia Esc. Vidole vya watu vilikuwa vimezoea miaka. Hilo toleo la 13 lilichukiwa kwa sababu nyingi, lilijaa kasoro, na wengi walibaki na la 12 hadi la 14 lilipokuja 1997. Nikisikia mtu akisema "matoleo mapya yanaharibu kila kitu", najua amejiunga na lalamiko la zamani kuliko mimi.

Lakini kitu ninakipenda kuliko vyote ni rangi.

Mara ya kwanza kupeleka ramani kuprintiwa taoni, nilirudi na karatasi ya A1 ambayo nusu ya kuta hazikuwepo. Mlango uko, dirisha liko, ukuta hakuna. Nilidhani saiba imenichezea. Kumbe kuta nilikuwa nimezichora kwa njano. Kwa skrini nyeusi njano inang'aa kama taa ya mat, kwa karatasi nyeupe ni mzimu. Kila mchoraji Kenya amewahi kulipia hiyo karatasi.

Kwa nini skrini nyeusi? Kwa sababu skrini za wakati huo zilikuwa hivyo, maandishi ya mwanga kwa giza. Na kwa nini mtu achore ukuta njano? Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Kabla ya printa kubwa za wino, ramani zilichorwa na plota, mashine yenye mkono unaoshika kalamu halisi na kuiburuta juu ya karatasi. Kalamu zilipangwa kwa kishikio, kila moja na unene wake: moja nyembamba, moja ya kati, moja nene. Mashine haikujua ukuta ni nini. Ilichohitaji kuambiwa ni: mstari huu, chukua kalamu namba ngapi? AutoCAD ikajibu kwa rangi. Rangi ya 1, nyekundu, kalamu ya kwanza. Rangi ya 2, njano, kalamu ya pili. Rangi ya 3, kijani, ya tatu. Kwa hivyo mtu aliyechora ukuta njano hakutaka ukuta wa njano. Alikuwa anasema "kalamu nene, tafadhali", na kalamu ilikuwa na wino mweusi.

Plota za kalamu zilikufa. Lugha yao haikufa. Unene kama sifa ya mstari wenyewe ulikuja na AutoCAD 2000, lakini hadi leo ofisi nyingi zinaendelea kuongea kwa rangi, na kamusi ya kutafsiri ni faili yenye mkia wa CTB. Kwa hivyo dawa ya karatasi yangu ilikuwa rahisi: kwa dirisha la PLOT, pale pa mitindo ya kuprinti, chagua monochrome.ctb. Kila rangi inakuwa nyeusi. Kama ofisi iko na CTB yake, waombe, usiende saiba bila hiyo faili kwa flashi. Au fanya vile nafanya siku hizi, toa PDF mwenyewe kwa laptopu yako, ikague, ndio upeleke.

Na kuna mtego mmoja ambao sijaona video ikiutaja. CTB inajua rangi 255 tu, zile za namba. Kuanzia toleo la 2004 unaweza kuchagua rangi yoyote ya mamilioni kwa kuchanganya nyekundu, kijani na samawati. Ukifanya hivyo, CTB haikutambui. Umeweka monochrome, umefanya kila kitu sawa, na bado ukuta mmoja unatoka na rangi ya chungwa. Si printa. Umempa plota aliyekufa rangi ambayo hakuwahi kuwa na kalamu yake. Rudi kwa rangi za namba.

Nikiwa bado kwa kuprinti: kama kitu kinaonekana kwa skrini lakini kwa karatasi hakuna kabisa, hata kivuli, angalia leya yake. Ukiona Defpoints, umejua. Hiyo leya AutoCAD huiunda yenyewe unapoweka vipimo, ikae na vinukta vyake vya siri, na haiprintiwi. Usiwahi kuchora juu yake. Leya 0 nayo iachie bloku: ukitengeneza bloku na vitu vya leya 0, bloku inavaa tabia ya leya utakayoiweka. Hiyo ndiyo maana ya kuwa tofauti, haikuwekwa hapo ndiyo uchore nyumba nzima juu yake kama nilivyofanya muhula wa kwanza.

Kuna historia moja si ya kuchekesha. Mwaka wa 1986 AutoCAD ilipata lugha yake ya kujiandikia programu, AutoLISP. Hiyo ndiyo ilifanya watu duniani kote waipende, kwa sababu mchoraji wa kawaida aliweza kuandika mistari michache na kujitengenezea amri yake. Lakini AutoCAD ilikuwa na ukarimu wa kupita kiasi. Ikikuta faili inaitwa acad.lsp mahali ilipofungua ramani, iliisoma na kuitii bila kuuliza. 2012, kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza mnyoo wenye jina Medre. Uliingia kwa njia hiyo hiyo na kutuma ramani za watu kimyakimya kwa anwani za barua pepe zilizokuwa China. Walioumia zaidi walikuwa Peru. Makumi ya maelfu ya michoro, kazi za watu, ilitoka bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo, kwa toleo la 2014, ikaja SECURELOAD, ambayo inazuia au inauliza kabla ya kupakia kodi kutoka mahali isipopaamini. Kama inakuudhi na maswali, usiizime. Weka folda yako kwa TRUSTEDPATHS. Na ukipewa flashi yenye ramani na kuna kafaili ka acad.lsp pembeni ambako hakuna mtu anajua kalitoka wapi, usifungue chochote kutoka hapo kabla ya kukafuta. Nasema hivi nikijua vizuri vile sisi hupata programu zetu na vile flashi moja huzunguka darasa zima.

Kuhusu matoleo nitasema kidogo. Airbus, walipokuwa wanajenga A380, walikuwa na timu Ujerumani kwa toleo moja la CATIA na timu Ufaransa kwa toleo jipya zaidi. Nyaya zilizopangwa kwa upande mmoja hazikutoshea kwa ndege upande mwingine. Ndege moja ina nyaya za takriban kilomita 500. Mwaka wa 2006 wakatangaza kuchelewa kwingine, na hilo lilikuwa moja ya sababu kubwa. Kwa hivyo mhandisi wako akikuambia faili haifunguki, usimcheke na toleo lake la zamani. SAVEAS, chagua muundo wa 2010 au 2013, mtumie.

Na stima ikipotea, ambayo itapotea: faili yenye mkia wa BAK kando ya ramani yako ni kazi ya kabla ya kusevu mara ya mwisho. Badilisha mkia uwe DWG, itafunguka. Ile ya kujisevu yenyewe iko na mkia wa SV$ na iko kwa folda utakayoonyeshwa ukiandika SAVEFILEPATH. SAVETIME ya kawaida ni dakika 10. Mimi niko na 5.

Sasa inchi.

Nikuambie kitu kilichonishangaza zaidi ya vyote. AutoCAD haijui milimita. Haijui inchi wala mita. Ukichora mstari wa 600, inaandika 600, kwisha. Kwa miaka mingi ya mwanzo faili haikuwa hata na mahali pa kusema 600 ya nini. Na kwa waanzilishi hilo lilikuwa jambo la busara: msee wa saketi anachora kwa maikroni, msee wa barabara anachora kwa maili, kwa nini programu imchagulie mtu? Kila ofisi ilijijua. Shida ilianza faili zilipoanza kusafiri.

INSUNITS, ile setingi inayosema "hizi nambari ni za inchi" au "ni za milimita", ni lebo iliyobandikwa baadaye. 1 ni inchi, 2 ni futi, 4 ni milimita, 6 ni mita. Kazi yake ni moja: ukiingiza faili ndani ya nyingine, AutoCAD inasoma lebo mbili na kubadilisha yenyewe. Lebo ikiwa ya uongo, au ikiwa hakuna, saizi inaweza kutoka vibaya. Na hapa wengi huchomeka: kubadilisha lebo kwa UNITS hakubadilishi mchoro. 600 inabaki 600. Umebadilisha jina la chupa, si maji.

Kampuni ni ya Kalifornia, kwa hivyo templeti moja ni acad.dwt, ya inchi, na nyingine ni acadiso.dwt, ya milimita. Ukianza na ile ya kwanza Kenya, umeanza na deni. Hata mistari ya nukta na ya kujaza eneo inatoka kwa faili tofauti kulingana na setingi inaitwa MEASUREMENT, 0 kwa inchi na 1 kwa metriki. Ndiyo maana wakati mwingine unajaza ukuta kwa HATCH na unatoka mweusi tii kama lami: mchoro wa inchi umewekwa kwa jengo la milimita, mistari imebanana. Weka 1, ujaze upya. Ya kuanzia michoro mipya inaitwa MEASUREINIT. Hiyo pia 1.

Lakini usiilaumu Kalifornia peke yake. Angalia sisi. Waingereza walitupimia ardhi kwa futi na ekari. Tukapata uhuru, tukahamia mita, hati za ardhi zikaandikwa hekta, ramani zikachorwa milimita. Na ploti? Ploti bado ni hamsini kwa mia, futi. Bango lolote barabara ya Kangundo litakuambia hivyo. Tunaiita hata moja ya nane ya ekari, na haifiki: futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, moja ya nane ya ekari ni 5,445. Kwa hivyo ploti moja ya kawaida inauzwa kwa futi, inaandikwa hekta, inachorwa milimita, na kila kivuko kati ya hizo kinapita kwa mikono ya atachimenti mmoja asiyelipwa.

Na kivuko chenyewe kiko na namba moja tu. Kabla ya 1959 inchi ya Uingereza na ya Marekani hazikulingana, moja ilikuwa fupi kidogo ya 25.4 na nyingine ndefu kidogo, tofauti ndogo kabisa lakini ya kuwasumbua watu wa mashine. Mwaka huo nchi sita, hizo mbili pamoja na Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, zikakubaliana: inchi ni milimita 25.4, kamili, hakuna mkia nyuma yake. Kuanzia tarehe 1 Julai 1959. Wapima ardhi wa Marekani peke yao walibaki na futi yao ya zamani, na iliachwa rasmi mwisho wa 2022. AutoCAD za karibuni hata ziko nayo kwa orodha ya UNITS, kando na futi ya kawaida. Nilikuwa nikiiona nikidhani ni kosa la kuchapa.

25.4 kamili. Si 25. Futi 100 ni mita 30.48. Futi 50 ni 15.24. Zungusha ukuta: 91.44. Toa 90.

Niligundua kwa bahati. Wiki mbili baada ya kucheka, nilitumwa kunakili namba ya hati ya mteja kwa jedwali la ramani. Hati ilisema hekta 0.0465. Sijui kwa nini nilipiga AREA kwa ploti yangu, labda uvivu wa mchana. Ikasema mita za mraba 450, yaani hekta 0.0450. Nikakaa hapo nikiangalia hiyo tano na ile sita. Halafu nikafungua faili ya zamani, nikaingiza upya na lebo sahihi, na AREA ikatoa 464.5. Tumbo likashuka.

Kama una faili kama ile, usikadirie. Jua kwanza ni ya kipimo gani: tumia DIST kwa kitu unachojua, mlango mzuri wa kuanzia, mlango ukisoma 36 hiyo ni inchi, ukisoma 900 ni milimita. Kisha -DWGUNITS, na kistari mbele, inakuuliza maswali na kubadilisha mchoro wenyewe. Au SCALE ukichagua Reference: unagusa ncha mbili za mstari, unaandika urefu wa kweli, inapiga hesabu yenyewe. Halafu AREA, na ulinganishe na hati. Yote ni dakika mbili. Mimi nilitumia sekunde nne.

Nilienda kwa bosi, akasema tunyamaze, mteja ameshaongeza slabu na mambo yamepoa. Nilinyamaza siku tatu, nakubali. Siku ya nne nikamwandikia mteja hesabu yote, 25 na 25.4, na picha ya hati yake. Alinipigia akanifokea vizuri sana, na alikuwa na haki. Akamlipa fundi jioni hiyo. Ofisi ilinimalizia atachimenti mapema.

Fundi nilimfuata mwenyewe Kitengela, kwa sababu kumpigia simu niliona ni woga. Alikuwa anachanganya mchanga. Nilimwamkia, nikamweleza, nikaomba msamaha. Alitoa tepu mfukoni, ile ya njano iliyochakaa, akainyoosha juu ya jiwe na kunionyesha: juu inchi, chini sentimita, zimepangwa pamoja.

"Kijana, hii yangu iko na zote mbili," akasema. "Nilimwambia ploti ni tisini na moja na kitu. Akaniambia kompyuta haidanganyi."

"Haikudanganya, mzee. Ni mimi niliiambia vibaya."

Akakunja tepu. Akaniuliza nimekula. Tukiwa tunangoja chai akarudia hiyo maneno yake kana kwamba ilikuwa bado inamkereketa.

"Na sai hiyo kompyuta yako, umeiweka futi ama mita?"